Mfua Kofia wa Ole na Kichwa cha Mwanawe

Ukitaka kujua mwanamume wa Ole anavaa kofia namba ngapi, usimuulize mwenyewe. Atakudanganya, kama si kwa makusudi basi kwa majivuno, maana wanaume wengi hupenda kuamini kuwa vichwa vyao ni vikubwa kuliko vilivyo. Muulize Silima Pandu, mfua kofia. Yeye ndiye anayezipokea kofia zao za kushonwa kwa mkono kila Jumatano, kuziloweka, kuzisugua zitoke jasho na mafuta ya nywele, kuzitia wanga wa muhogo, kisha kuzivisha juu ya vigogo vya mfenesi alivyovichonga mwenyewe kwa namba za inchi, kuanzia ishirini na moja mpaka ishirini na nne na nusu, zikaukie hapo. Alhamisi jioni watu huja kuzichukua. Imamu mwenyewe, ambaye kila akileta kofia husema yake ni ishirini na tatu, ni ishirini na mbili na nusu, na Silima amelihifadhi jambo hilo miaka kumi na minne bila kumwambia mtu.

Kigogo kikubwa kuliko vyote, kile cha ishirini na nne na nusu, ni cha kichwa chake Silima. Ni kichwa alichorithi kwa marehemu baba yake, Pandu, na watu wa Ole hawajaacha kumtania nacho tangu alipokuwa chuoni akisoma Kurani. Wanasema mvua ikinyesha wenzake huenda kujibanza chini yake. Silima hucheka pamoja nao, kwa sababu ni mtu wa kucheka, na kwa sababu anazijua namba zao.

Kazi hii ilimjengea imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa: kwamba kichwa cha mtu hakibadiliki. Mtu atanenepa, atakonda, ataoa, ataacha, atakwenda Muskati na kurudi, namba yake ya kofia iko pale pale. Kofia ikimbana mtu, basi kosa ni la kofia. Ama imefuliwa kwa maji ya moto ikarudi ikawa ndogo, ama uzi wake haukuwa mzuri. Kwa watu wazima imani hiyo ilikuwa ya kweli kabisa, na haikuwahi kumwangusha.

Mkewe Kazija alikuwa mshonaji wa kofia hizo hizo. Ndivyo walivyojuana: yeye akishona vitobo vyake vidogo vidogo kwa miezi mitatu, kofia ikimalizika ina rangi ya mikono, Silima akiifua ikawa nyeupe. Wakaoana. Wakakaa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa Ole si mchezo. Kila arusi kuna shangazi atakayekutazama tumbo, kila akika kuna mtu atakayekuombea dua kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Bi Rahila, mama yake Silima, ambaye alikuwa akikaa nao, hakuwahi kumtamkia Kazija neno baya hata siku moja, na Kazija hakulisahau hilo.

Mwaka wa kumi Mungu akawapa Hudhaifa.

Alizaliwa salama, mzito, mwenye kelele. Siku ya saba akanyolewa nywele, mbuzi akachinjwa, na wanawake waliokuja kumwona wakakipokezana kile kichwa kilichonyolewa wakisema mashaallah, huyu kweli wa Silima, huyu hapotei hata sokoni. Bi Rahila akawa anaitikia kila mmoja: kichwa cha babu yake hicho, kichwa cha ukoo wa Pandu. Alilisema hilo mara nyingi sana siku hiyo, na siku zilizofuata, hata wasioliuliza aliwaambia.

Kwa ajili ya arobaini Kazija alishona kofia mbili ndogo, za kazi nyepesi isiyotaka miezi mitatu. Moja ya kuvaa siku yenyewe, inchi kumi na tano na nusu, na nyingine ya Idi, akaiongeza inchi nzima kwa sababu mtoto hukua. Hizo namba alizikisia kwa macho na kwa kofia ya sufi waliyomzawadia shoga zake, maana Bi Rahila alikuwa amepiga marufuku. Mtoto wa nyumba ile hapimwi. Anayepimwa kwa uzi, alisema, ni maiti, wapate kujua urefu wa kaburi, na yeye hataki kuona uzi wala futi karibu na mjukuu wake. Silima, aliyekuwa na futi ya cherahani mfukoni kutwa kucha, akaona mama yake ametia chumvi, lakini akaheshimu. Akachonga kigogo kipya kidogo, akaifua kofia ya kwanza, akaitia wanga. Siku ya arobaini Hudhaifa akaivaa, ikakaa sawasawa, na baba yake akamtembeza kibarazani kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Baada ya wiki moja hivi ile kofia ikawa inabana. Iliacha mstari mwekundu kwenye kipaji. Silima akaicheka. Akasema uzi wa siku hizi wa ovyo, ukiutia maji unarudi, na alipokwenda mjini Chake akamgombeza muuza nyuzi mbele ya wateja wake. Akairowesha kofia, akaivuta juu ya kigogo kikubwa kidogo, ikapanuka, ikaingia. Siku nane nyingine ikabana tena. Akaivuta tena, safari hii akitumia nguvu, mpaka vitobo viwili vikakatika na Kazija akavishona upya.

Kazija naye alikuwa na ya kwake. Mtoto alikuwa anatapika asubuhi, si ule mcheuo wa maziwa, ni kutapika. Akilazwa chali hulia, akiinuliwa hunyamaza. Utosi, ambao zamani ulikuwa ukipwita akinyonya, sasa ulikuwa umejaa na kukakamaa. Na macho yake yalikuwa na tabia ya kushuka chini, weupe ukabaki juu, hata akiitwa hakuyapandisha. Alimwambia mumewe. Mumewe akamwambia mtoto ana shibe. Alimwambia mama mkwe, na Bi Rahila akamjibu haraka, kabla hajamaliza, kwamba watoto wa Pandu ndivyo walivyo, vichwa hutangulia mwili, mwili utafuata. Kisha akaondoka kwenda jikoni ambako hakukuwa na kitu motoni.

Mara ya tatu kofia ilipobana haikukubali tena kuvutwa. Silima akakaa nayo uani kwake, jua la asubuhi limemwelemea, kofia za watu zimejipanga mstari juu ya vigogo, akaifumua mshono wa nyuma na kutia kiraka cha upana wa kidole. Akakishona kwa mkono mwembamba kiasi kwamba hata Kazija, fundi, hakukiona. Tuseme kweli. Siku ile ya kiraka Silima alijua. Mtu aliyefua kofia miaka kumi na minne hawezi kutia kiraka asijue anachokifanya. Lakini kujua ni jambo moja na kukiri ni jingine, na mwanawe alikuwa wa miaka tisa ya kungojwa, na kofia ilikuwa rahisi kuitengeneza kuliko mtoto. Akamvisha. Ikaingia. Akamshukuru Mungu kwa sauti, na moyoni akaona haya.

Idi ikafika, Hudhaifa akiwa na wiki kumi na moja. Asubuhi, Silima ameshavaa kanzu, Bi Rahila yuko sebuleni akichambua tende za kugawa, Kazija akaenda sandukuni akatoa ile kofia ya pili. Ilikuwa bado imefungwa katika kitambaa, na rangi ya mikono yake juu yake. Akamketisha mtoto mapajani akajaribu kumvisha. Kofia ikakaa juu ya utosi kama kifuniko cha chupa. Akaisukuma taratibu. Mtoto akalia. Akaitoa.

Silima akaanza kusema kitu kuhusu uzi. Kazija hakupandisha sauti.

"Baba Hudhaifa, kofia hino haijaingia maji hata siku moja."

Nje watu walikuwa wakipita kwenda kuswali wakileta takbiri, na wengi wao walikuwa wamevaa kazi yake. Silima akatia mkono mfukoni akatoa futi. Bi Rahila alipoiona akasimama, tende zikamwagika.

"Silima, usimpime mtoto. Weye hujui."

"Nitampima, Mama. Unisamehe."

Akamzungushia futi juu ya nyusi na nyuma kwenye kisogo, kwa mikono iliyokuwa imepima vichwa vya nusu ya wilaya. Inchi kumi na nane. Akarudia. Kumi na nane. Ni kichwa cha mtoto wa mwaka mzima, na huyu hata shingo ilikuwa bado haijakaza. Aliikunja ile futi akairudisha mfukoni, akamwambia Kazija kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amekuwa akiitanua ile ya kwanza. Mara ngapi, Kazija akauliza. Mara tatu, na ya tatu kwa kiraka. Kazija akaifunga ile kofia mpya katika kitambaa chake. Hakumtukana, na hilo lilimuuma Silima kuliko kama angemtukana.

Kesho yake, Idi pili, walikuwa mlangoni kwa muuguzi wa kituo cha afya, Bi Rawya, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuwa na futi yake ya karatasi. Akapima, akaandika kwenye kadi ya mtoto, akatia nukta. Kwenye kadi ile kuna mistari iliyopinda inayoonyesha watoto wanavyokua, na nukta ya Bi Rawya ilitua nje ya mistari yote, peke yake kwenye karatasi nyeupe. Silima akaitazama nukta ile. Alikuwa mtu wa vipimo na hakuhitaji kufafanuliwa.

Bi Rawya akawaeleza kuwa kichwani mwa kila mtu kuna maji yanayozunguka ubongo na kutoka, yanatengenezwa na kutoka, na kwamba pengine ya Hudhaifa yamezibiwa njia. Kichwa kikubwa cha ukoo kipo, alisema, na watoto wengi wenye vichwa vikubwa ni wazima kabisa. Lakini kichwa cha ukoo hupanda na mstari wake. Hiki kimeruka mistari. Akaandika barua ya kwenda hospitali Chake, akawaambia waende leo, wasingoje sikukuu iishe.

Bi Rahila alitaka kwanza mtoto anyweshwe kombe. Akamwita Shehe Nassor, ambaye ndiye huyo huyo imamu wa ishirini na mbili na nusu, aandike aya kwa zafarani kwenye sahani, zioshwe kwa maji mtoto anywe. Shehe Nassor akaja na sahani yake, akamtazama mtoto macho yanavyoshuka, akaitia sahani kwenye mkoba wa Kazija. Akamwambia Bi Rahila kwamba dua haikatazi safari, na kombe litanyweka hata hospitalini, waende. Silima anasema mpaka leo kwamba kwa neno lile moja, shehe akitaka aitwe ishirini na tano, atamwita ishirini na tano.

Chake wakampiga picha kwa kupitia utosi. Daktari akawaonyesha kwenye kioo sehemu nyeusi, akasema hayo ni maji, na ni mengi. Yakiachwa yatausukuma ubongo mpaka mtoto apoteze macho, na baadaye maisha. Matibabu yapo, lakini ni Unguja. Siku ya pili walikuwa kwenye boti kutoka bandari ya Mkoani, watu wazima watatu na mtoto, kwa sababu Bi Rahila alikuwa amefunga bunda lake bila kuulizwa na kukaa nalo mlangoni. Bibi huyo alitapika njia nzima. Kila alipomaliza aliuliza mtoto anaendeleaje.

Daktari wa Unguja aliitwa Thabit, kijana, mchangamfu, mwenye kichwa ambacho Silima alikipa ishirini na mbili kamili kabla hajakaa chini. Akawaeleza kwa kuchora. Atatia mrija mwembamba kutoka kichwani, ukipita chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni, mpaka tumboni, maji yapate pa kwenda. Mrija utakaa humo. Mtoto atakua nao. Akauliza kama wana swali.

Silima alikuwa na moja, na halikuwa swali. Akamwambia kwamba yeye alijua wiki tatu kabla. Akamweleza kofia, kigogo, na kiraka, yote, Kazija amekaa pembeni na mtoto akisikiliza upya. Alitaka daktari amwambie kama wiki tatu zile ndizo zilizomharibu mwanawe. Dk. Thabit akamwacha amalize.

"Bwana Silima, wapo wanaoniletea mtoto keshatimiza mwaka, na macho yameshakwenda. Wewe umeniletea wa miezi mitatu anayeyafuata kwa macho mapambo ya mama yake. Wiki tatu zako nimezisikia. Sasa niachie mimi kazi yangu."

Hudhaifa akachukuliwa kupasuliwa saa tatu asubuhi. Kazija akaenda kuswali rakaa zake na hakurudi kwa muda. Silima akabaki kwenye benchi la ukumbini pamoja na mama yake. Bi Rahila alikuwa na tasbihi mkononi lakini haikuwa ikitembea. Baadaye akasema, macho yake yako ukutani:

"Kabla yako alikuwepo mwengine."

Silima akadhani anazungumza na nafsi yake. Maisha yake yote alikuwa akijua kwamba yeye ni mtoto wa mwanzo na wa pekee. Mama yake aliitwa Mama Silima tangu alipohamia Ole, na hakuna aliyewahi kumwita mama wa mtoto mwingine.

"Tukikaa Makoongwe, mie na baba yako. Jina lake Jaribu. Kichwa chake kikenda hivi hivi, na macho yakishuka hivi hivi. Nikimwonyesha huyu, nikimwonyesha yule, wote jibu moja, kichwa cha Pandu hicho, shukuru. Nikashukuru. Miezi saba. Siku aliyokufa akaja mtu na uzi akampima, na mie mamake sikuwa n'kimpima hata nguo."

Silima akamuuliza, kwa upole, kwa nini basi aliwaambia wao yale yale aliyoambiwa yeye.

"Kwa sababu kama si kichwa cha ukoo, basi Jaribu nlimwacha afe mie mwenyewe."

Silima alimwelewa vizuri kuliko alivyotaka. Akaichukua ile tasbihi mkononi mwake, akaanza kuisoma yeye, na mama yake akamwegemea bega kwa mara ya kwanza tangu kufa kwa baba yake. Walikuwa bado wamekaa hivyo Kazija aliporudi, na yeye akakaa upande wa pili.

Ilipokaribia adhuhuri Dk. Thabit akatoka amevaa kofia ya kitambaa, anajifuta shingo. Akasema mrija umekaa, maji yanatoka, mtoto amepumua mwenyewe na amelia. Kazija akauliza amelia vipi. Daktari akacheka, akasema kwa hasira. Basi Silima akashuka pale pale kwenye sakafu ya ukumbi, kwenye kanzu yake ile ile ya Idi ambayo hakuwa amepata nafasi ya kuibadilisha, akasujudu sijida ya shukurani. Alikaa chini muda mrefu. Mwanamke aliyekuwa akipiga deki alifika kwenye kichwa chake, akasimama, akaegemea fimbo ya deki na kumngojea. Aliponyanyuka uso umeroa, mwanamke yule akamwambia hongera, akaendelea na kazi.

Siku zilizofuata zilikuwa za hofu ndogo ndogo, homa ya usiku mmoja, bendeji iliyolowa, mtoto aliyekataa ziwa asubuhi kisha akalitaka mchana. Kila siku muuguzi wa wodini alikuja kupima kichwa kwa futi ya karatasi. Siku ya kwanza namba ikabaki pale pale. Ya pili, pale pale. Ya nne ikapungua kidogo, na utosi, Kazija alipouwekea kidole, ukapwita. Alimwita Silima aje naye auguse. Halafu wakamwita Bi Rahila. Yeye hakuugusa, alimwomba muuguzi ile futi ya karatasi, akaiviringisha mwenyewe kwenye kichwa cha mjukuu wake, polepole, na kwa kuwa hajui kusoma namba akamgeukia mwanawe amsomee. Silima akasoma. Bi Rahila akasema alhamdulillahi, na siku ya pili yake akaiomba tena.

Waliporudi Ole walimkuta Shehe Nassor na nusu ya msikiti wana kofia zilizokunjamana kama majani ya mgomba yaliyochomwa jua. Ijumaa tatu walikuwa wameswali hivyo hivyo. Walimlalamikia Silima sana, walimwambia aibu hii ni yake, na wakati huo huo wake zao walikuwa wakiingia kwa mlango wa uani na ndizi, mihogo, kuku wawili hai na chupa ya samli. Silima alifua kofia siku mbili mfululizo bila kutoza mtu. Alikuwa akiimba kasida, na sauti yake si nzuri. Hakuna aliyemnyamazisha.

Nisije nikakudanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Hudhaifa alichelewa. Wenzake wa rika lake walikuwa wakikaa yeye bado ameegemezwa kwa mito. Kila baada ya miezi kadhaa wanapanda boti kwenda kuangaliwa mrija, na Kazija amefundishwa ya kuchunga: kutapika, usingizi wa ajabu, macho kushuka. Analala na masikio wazi. Kiraka wamekizungumza wao wawili mara moja, Kazija akasema alilokuwa nalo, na hakulisema tena. Bi Rawya anamtia nukta kwenye kadi kila mwezi. Zile nukta zimeshuka zikakutana na mstari wa juu kabisa, na tangu hapo zinapanda nao bega kwa bega.

Mtoto alipotimiza miezi kumi na moja, asubuhi moja, Silima akiwa uani anatia wanga, mtoto yuko juu ya mkeka amezungukwa na mito, Hudhaifa alijisukuma kutoka kwenye mto wa nyuma akakaa. Kichwa kile kikubwa kikayumba kulia, kikayumba kushoto, kikasimama. Silima hakusogea. Alibaki na mikono ndani ya ndoo ya wanga akimwita Kazija kwa sauti ya chini, chini sana, akiogopa kumwangusha. Kazija alitoka mlangoni akaona. Mtoto naye akawatazama wote wawili, kwanza mmoja kisha mwingine, macho yake yakipanda na kushuka bila taabu, halafu akaanguka ubavu na kucheka.

Wiki hiyo wakafanya dua ya shukurani. Haikuwa kubwa. Ilikuwa baada ya alasiri, mikeka imetandikwa uani, wanaume wa msikitini upande mmoja na wanawake upande wa pili, kahawa, halua na mkate wa kumimina. Hudhaifa alikaa mapajani kwa bibi yake akivuta ncha ya kanga. Shehe Nassor alipofika mahali pa kutaja jina la anayeombewa, akamtazama Silima, na Silima akamwambia aombee Hudhaifa bin Silima.

Kabla shehe hajaendelea, Bi Rahila akasema kutoka upande wa wanawake, kwa sauti iliyosikika uani kote, kwamba majina ni mawili. Amtaje na Jaribu bin Pandu.

Watu wakageukiana. Mmoja wa wanawake akamuuliza Jaribu ni nani, maana Ole haikuwa na mtu wa jina hilo.

"Mwanangu wa mwanzo," Bi Rahila akasema. "Alikaa miezi saba. Alikuwa na kichwa kama hiki, na alikuwa mzuri."

Shehe Nassor akainua mikono, akayataja yote mawili, na uani wote ukaitikia amina.